Mashine Niliyoipima Mwezi wa Njaa

Juzijuzi nilikuwa Mazwi kwa fundi baiskeli, nasubiri rimu yangu inyooshwe, kijana mmoja akaja kusimama mbele yangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Wewe si ndiye Mama Joze wa mipango ya umeme? Mimi nimeajiriwa pale pale ulipokuwa. Naomba nikuulize kitu kimoja tu. Programu ipi ni bora kwa kupanga gridi?"

Nikamwonea huruma. Nilimwambia aje nyumbani Izia siku yoyote, maana swali lake lilihitaji viti viwili na chai. Hajaja mpaka leo. Ninyi vijana mnapenda majibu ya kupewa mkiwa mmesimama. Basi naandika, naye atasoma, na wenzake mnaoanza kazi hii someni pia. Nina tabia ya kurukaruka ninaposimulia, mtanivumilia kama waume wa wanawake wenye maneno mengi wanavyovumilia.

Kazi yetu, kwa asiyeijua, ni hii. Una vijiji vingi, una nguzo chache na umeme usiotosha. Unatakiwa useme kijiji kipi kivutiwe laini, kipi kiwekewe gridi ndogo yake chenyewe ya sola na betri, na kipi kisubiri. Siku hizi imeongezeka na hii safari ya kuachana na dizeli kuelekea jua, maji na upepo, ambayo kila mtu anaizungumzia kwenye semina. Lakini mambo ni yale yale matatu, na gumu kuliko yote ni hilo la mwisho. Mezani unaandika neno moja, "kisubiri", unafunga kompyuta unakwenda kula. Huko kijijini wanaliishi hilo neno mwaka mzima.

Aliyenifundisha ni Mzee Kastori. Yeye alipanga laini kwa ramani ya karatasi, penseli na uzi wa kushonea. Aliulaza uzi juu ya ramani, akaufuatisha na miinuko ya Ufipa, kisha akaupima kwa rula. Mara nyingi uzi wake ulikuwa sahihi kuliko hesabu zilizotufikia kutoka mbali, kwa sababu alikuwa ameshazipita hizo njia kwa miguu na anajua wapi pana kinamasi na wapi pana mwamba usiochimbika. Kila kijiji alikaa kilabuni. Nilipomwuliza kama ile pombe ya ulezi nayo ni sehemu ya kazi, alinijibu bila kucheka, "Mama Joze, hapa ndipo ninapopima mahitaji." Nilidhani ni kisingizio cha mnywaji. Ilinichukua miaka mingi kujua kwamba alikuwa anasema kweli, japo kisingizio pia kilikuwemo.

Alikuwa na maswali mawili asiyoyaacha: nani atautumia umeme huu, na saa ngapi? Kila namba niliyompelekea aliisukumia pembeni kwanza, akaniuliza hayo.

Kisha zikaja kompyuta. Programu yetu ya kwanza ilikuwa ya kununua, nzuri kweli kweli, yenye rangi. Ila haikufunguka mpaka uchomeke kifunguo kidogo kama flashi, na ofisi nzima tulikuwa na kimoja. Kifunguo kilikaa kwa mkuu wetu wa wakati huo, mtu mwema lakini mwenye wasiwasi, hakumwamini mtu nacho. Akaenda nacho msibani kwao kikiwa mfukoni mwa koti. Huko koti likafuliwa na shemeji zake kwa nia njema kabisa. Tulikaa majuma tukinywa chai, mipango ya mkoa mzima imekwama kwa sababu ya sabuni.

Mzee Kastori, aliyekuwa amebakiza muda mfupi kustaafu, hakuwa na shida na kifunguo. Shida yake ilikuwa nyingine. Ile programu ilikupa jibu, lakini ukitaka kujua imelipataje, haikuonyeshi. Alikuwa akigonga kioo cha kompyuta kwa kucha na kusema, "Huyu anajibu kama mganga. Nataka kuona anachokichanganya."

Ndiyo maana programu huria zilipotufikia nilizipenda hata kabla sijazijua. Hizi msimbo wake, yaani maelekezo yote yaliyomo ndani, umeachwa wazi. Unazichukua bure, unazisoma, unarekebisha unapotaka, na kila badiliko linabaki limeandikwa: nani kabadilisha, lini, na kwa nini. Nilijifunza kwenye kompyuta mpakato nzee iliyokuwa ikipata joto mpaka nikawa naiwekea kigae chini. Nilipokwama niliandika swali kwenye jukwaa lao la mtandaoni, kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, na watu nisiowajua wakanijibu kwa upole. Wengine walikuwa wadogo kuliko Joze wangu.

Msidhani nilianza vizuri. Katika modeli yangu ya kwanza kabisa, yaani mfano wa gridi ndani ya kompyuta, nilijaza mahali kijiji kilipo, nikasahau alama ya kutoa mbele ya namba ya latitudo. Alama moja tu, ile inayosema tuko kusini mwa ikweta. Programu haikulalamika, ikachukua jua na joto la mahali nilipoiambia, ikanipangia paneli na betri vizuri sana. Nikaenda kumwonyesha kila mtu. Jioni hiyo nikiwa nimevaa sweta mbili, maana Juni ya Sumbawanga mnaijua, nikaona jedwali linasema mchana wa kijijini kwetu ni joto la kutoka jasho umekaa. Ndipo nikafungua ramani. Nilikuwa nimekihamishia kijiji cha Wafipa Sudan Kusini. Kwa hiyo somo la kwanza lichukueni bure: kabla hujaiamini modeli, ipe kijiji ambacho jibu lake unalijua, uone kama itakudanganya. Na la pili, baridi yetu msiilaani, paneli hupenda jua lenye ubaridi kuliko jua la joto kali.

Sasa nifike Kalambanya, maana hayo yote yalikuwa kupasha mdomo moto.

Kalambanya ni kijiji cha huko juu, nacho kilikuwa kwenye orodha ya kuwekewa gridi ndogo ya sola. Kilikuwa na zahanati, shule, kanisa la kigango, nyumba zilizosambaa kwenye mashamba ya matuta, na mashine moja ya kusaga ya dizeli. Mwenye mashine ni Mama Skola, mjane, mwanamke wa maneno machache na mikono mikubwa. Kabla ya mashine yake wanawake wa Kalambanya walikuwa wakishuka na kupanda bonde na debe kichwani kwenda kusaga kijiji cha pili. Walionionyesha ile njia hawakuhitaji kunieleza kitu.

Mama Skola aliniuliza swali moja: "Nikiweka mota ya umeme, itasaga kama hii?"

Nikamjibu, "Nitapima, nitakuambia."

Nilipima. Nilikaa wiki mbili, kila siku naandika mashine imewashwa saa ngapi, imezimwa saa ngapi, imebeba mzigo gani. Iliwaka saa mbili kwa siku, siku nyingine haikuwaka kabisa. Nikajaza kwenye modeli, kompyuta ikasaga na yenyewe, ikatoa jibu: paneli chache, betri ndogo, inatosha kabisa. Nikafurahi, maana mpango mdogo hupitishwa upesi. Nikampigia Mama Skola nikamwambia itasaga. Yeye akamwahidi shemeji yake wa Kasesya kwamba injini ya dizeli aje aichukue mota ikishafika.

Mzee Kastori alishakuwa marehemu wakati huo, lakini aliniachia desturi moja ambayo sikuwahi kuivunja. Kabla mpango haujatiwa sahihi, unarudi kijijini na kuwasomea watu mambo yote uliyoyachukulia kuwa kweli. Huwasomei jibu, unawasomea yale uliyoyaweka ndani mpaka jibu likatoka. Kwenye ile programu ya kifunguo hatukuweza, hata sisi hatukuyaona. Kwenye hii ya wazi niliyachapa kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, karatasi mbili. Watoto wanaanza kusoma saa fulani. Friji ya zahanati haizimwi. Mashine ya kusaga inafanya kazi saa mbili kwa siku.

Mkutano ulifanyika nje ya ofisi ya kijiji. Nikasoma kwa sauti ya mtu anayejiamini. Nilipofika kwenye mashine, bibi mmoja aliyekaa mbele juu ya kipande cha gogo akainua mkono. Ni Bibi Filomena, mama wa wakunga wa kijiji kile, mwembamba, kitambaa cheupe kichwani. Aliniuliza kwa Kifipa, nami nawawekea kwa Kiswahili.

"Mwanangu, hiyo mashine uliipima mwezi gani?"

"Februari, bibi."

Kwanza wakacheka wanawake waliokuwa nyuma. Kisha wakacheka wote, hata mwenyekiti.

"Februari tunasaga nini?" akasema Bibi Filomena. "Maghala yanafagiliwa. Tunakula maboga na viazi, tunayatazama mahindi yakue. Halafu mwaka huu Jumatano ya Majivu iliangukia humo humo. Kwaresima hakuna harusi. Hakuna harusi, hakuna pombe. Hakuna pombe, kimea cha ulezi nani atasaga? Wewe si mtoto wa hapa?"

Mimi ni mtoto wa hapa. Baba yangu alilima ulezi, mama yangu alikausha kimea juu ya mkeka, na nilizaliwa mwezi huo huo wa njaa, na kila mwaka walinikumbusha hilo. Lakini miaka thelathini nilikuwa nanunua unga dukani, na dukani unga upo Januari mpaka Desemba. Nilisahau kwamba Ufipa husaga kwa msimu. Mgeni kutoka ng'ambo angeuliza, maana anajua hajui. Mimi sikuuliza kwa sababu nilijiona nyumbani. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Wakaanza kunieleza wote kwa pamoja. Julai na Agosti mashine huwaka tangu asubuhi. Wakati wa harusi kimea hujipanga mlangoni. Tena wanasaga jioni, wakishamaliza kupura. Nilikuwa naandika huku kichwani naiona ile betri yangu ndogo ikifa Julai saa moja jioni, friji ya zahanati ikifa nayo, na Mama Skola amesimama kwenye kibanda kisicho na injini.

Mama Skola alinisubiri kwenye pikipiki.

"Uliniambia itasaga."

"Nilikosea."

"Shemeji nimeshamwahidi injini." Akaushika usukani wa pikipiki. "Sasa unasemaje?"

"Usimpe injini. Nakwenda kupiga hesabu upya."

Niliporudi mjini nilijaza Julai ya kweli. Kwa kusaga jioni, betri ililazimika kuwa kubwa mno. Nikajaribu njia nyingine: mashine iwake jua likiwa kali tu, kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Programu haikuwa na kanuni ya namna hiyo. Kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi, niliiandika mwenyewe, mistari michache niliyohangaika nayo siku nne, na mtu mmoja wa jukwaani akanionyesha nilipokosea mabano. Jibu likawa zuri. Julai yetu haina wingu, kwa hiyo mwezi wa kusaga sana ndio mwezi wa jua safi. Betri ilibaki ile ile, paneli ziliongezeka, na mota ilihitaji kifaa cha kuiwasha taratibu. Hili nalo lishikeni: mota ya kusagia inapowaka huvuta umeme mwingi kuliko inapokuwa imeshika mwendo, na sekunde hizo chache zinaweza kuzima kijiji. Kila modeli iliyosahau kuwaka kwa mota ni modeli ya mtu ambaye hajasimama karibu na mashine.

Nilirudi kuwauliza wanawake kama wanaweza kusaga mchana. Wakabishana wenyewe. Bibi Filomena akasema, "Yaani mashine yenu inalala mapema kuliko mimi mzee?" Wakacheka, wakakubali.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo nilipokuwa karibu kuharibu. Orodha ya mwaka ule ilikuwa inafungwa. Mpango wa zamani ulikuwa tayari mezani kwa mkuu wangu, unangoja sahihi. Nikipeleka mpya, wenye paneli zaidi, lazima upitiwe upya, na hautawahi. Kalambanya ingeondolewa, nafasi ipewe kijiji kingine, wao waandikiwe lile neno "kisubiri". Nikinyamaza, wangepata umeme mwaka ule ule, na ungewasaidia vizuri kabisa mpaka Julai.

Nilikuwa nakaribia kustaafu. Niliogopa. Sitaki mnione shujaa, nilikaa na ile faili siku mbili nikijiambia kwamba tutaongeza paneli baadaye. Mnajua "baadaye" ya ofisini inavyokuwa. Siku ya tatu nikamkumbuka mama yangu, aliyekuwa anapenda kusema mficha uchi hazai. Nikafungua modeli, nikaweka namba mpya, na kwenye sehemu ya kueleza badiliko nikaandika kwa jina langu kamili: "Nilipima mashine ya kusaga mwezi wa njaa na wakati wa Kwaresima. Nilikosea. Mnaopanga nyanda za juu, pimeni na Julai." Maneno hayo yapo mpaka leo, yeyote duniani anaweza kuyasoma.

Mkuu wangu alisoma, akavua miwani. "Mama Joze, unajua hawa sasa wanatoka kwenye orodha?"

"Najua."

"Haya. Utawaambia wewe."

Nikaenda kuwaambia. Vijana, hakuna programu itakayowafanyia hiyo kazi. Nilisimama pale pale nje ya ofisi ya kijiji, nikaeleza kosa lilikuwa langu na sasa watasubiri. Mwenyekiti alinuna. Mwalimu mmoja aliondoka nikiwa bado naongea. Mama Skola alikuwepo, akaondoka bila kuniaga, na hakupokea simu yangu tena. Bibi Filomena aliuliza maswali mengi: paneli ngapi zimeongezeka, kwa nini zisiwekwe sasa, nani anayeamua. Nilimjibu yote niliyoyajua. Mengine sikuyajua, nikamwambia siyajui.

Nilistaafu kabla gridi haijajengwa. Ilijengwa mwaka uliofuata, na sikualikwa, wala sikustahili kualikwa. Nilikuwa nasikia habari zake kwa watu. Siku za mvua nilijikuta natazama mawingu na kupiga hesabu za betri yao kichwani.

Julai iliyopita nikashindwa kuvumilia. Nikafunga debe la ulezi wangu kwenye pikipiki ya kukodi nikaenda Kalambanya kama mteja yeyote. Nilifika saa saba mchana, jua limesimama, upepo wa baridi. Foleni ya wanawake ilizunguka kibanda. Mota ilikuwa inaimba, na upande wa pili friji ya zahanati nayo ilikuwa inanguruma, nilienda kuigusa kwa mkono wangu. Nikapanga foleni. Mama Skola, mweupe kwa unga mpaka kope, aliniona, akaendelea kusaga. Zamu yangu ilipofika akamimina ulezi wangu kwenye mashine.

Nilimwuliza Bibi Filomena yuko wapi, nimsalimie.

"Tulimzika Novemba," akasema. "Nguzo zilikuwa zimeshafika, nyaya bado."

Nililia mbele ya wale wanawake wote, mtu mzima mimi. Yeye ndiye aliyeliona kosa langu, na kusubiri kulikotokana nalo kukamla yeye. Ningenyamaza, angewasha taa nyumbani kwake miezi kadhaa kabla hajafa. Hilo nalijua, na sitaki mtu anifariji juu yake.

Mama Skola alizima mashine. Alifunga mdomo wa mfuko wangu kwa kamba, polepole, kisha akaniwekea mikononi.

"Alikuachia neno," akasema. "Alisema nikikuona nikwambie hakukukasirikia. Alisema amesubiri tangu azaliwe, barabara, zahanati, kila kitu. Ila ulikuwa mtu wa kwanza kuja kumweleza anasubiri kwa nini."

Kisha akawasha mashine, akaita aliyekuwa nyuma yangu.